Hewa Isiyopimwa

Injini ya petroli hupumua. Kwa kila gramu moja ya petroli inayochomwa, inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili vyote viwili viungue bila kimoja kubaki. Petroli si shida kuipima: inatoka kwenye nozo, na nozo hufunguliwa na kufungwa na kompyuta ya gari yenyewe. Shida ni hewa. Hewa hujiingilia tu. Haina mizani wala risiti. Silinda ikivuta pumzi, jambo linalochukua sehemu ndogo sana ya sekunde, kompyuta inapaswa kuamua imwage petroli kiasi gani juu ya hewa ambayo haijaiona.

Kuna magari yaliyowekewa sensa mlangoni, inayopima hewa ikipita. Na kuna magari yasiyo nayo. Haya ya pili ndiyo ninayotaka kuyazungumzia, kwa sababu yameniletea swali ambalo sikuwahi kuulizwa vizuri katika mihula michache ya falsafa niliyosoma kabla ya kuacha chuo. Swali lenyewe ni hili: una haki gani ya kuamua juu ya kitu ambacho hujakipima? Na ukikosea, nani alipe?

Mafundi huuita mfumo huu spidi densiti. Kompyuta inajua mambo matatu peke yake: injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, presha iliyomo ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa, na joto la hewa hiyo. Ukubwa wa silinda unajulikana tayari. Ukiwa na presha, joto na ujazo, fizikia ya shule ya upili inatosha kukwambia hewa hiyo ina uzito gani. Chukua injini ya lita mbili yenye silinda nne, yaani nusu lita kwa kila silinda. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 82, si 101 kama ilivyo Mombasa. Kanyaga akseli mpaka chini siku ya joto la nyuzi 25: nusu lita ya hewa hiyo ina uzito wa karibu gramu 0.48.

Lakini silinda haijai kabisa. Valvu hufunguka na kufunga mbio mbio, mabomba yana kona, na moshi wa mzunguko uliopita hautoki wote. Pengine silinda imejaa asilimia 90. Pengine 75, pengine 50. Asilimia hiyo hakuna sensa inayoipima. Inatoka kwenye jedwali ambalo mtu fulani aliliandika. Upande mmoja wa jedwali kuna mizunguko kwa dakika, upande mwingine kuna presha, na katika kila kisanduku kuna namba moja inayosema: hapa, injini hii hujaa kiasi hiki. Majedwali mengi ninayokutana nayo ni 16 kwa 16, yaani visanduku 256. Kisanduku kikisema 90, zile gramu 0.48 zinakuwa 0.43, na petroli ya kuziunguza sawasawa ni kama miligramu 29. Kompyuta haibishani na kisanduku. Inamwaga.

Kwa hivyo kila mlipuko ndani ya injini ya aina hii ni hukumu iliyotolewa kwa ushahidi wa kimazingira. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema mawingu ndiyo mvua.

*

Haya yote nimeyajua kwa sababu ya binamu yangu, mwenye gereji upande wa Kariobangi. Mimi kazi yangu ni kuandika: hotuba za harusi, maelezo ya bidhaa, makala ya watu wasiotaka majina yao yajulikane. Kazi ikikauka, na hukauka sana, naenda kwake. Yeye anaendesha gari la mteja, mimi nakaa kiti cha abiria na kompyuta mapajani, nasoma namba. "Sitini na tano, elfu tatu mia mbili, kumi na tatu nukta nane." Namba hizo zikisomwa saa nzima kwenye barabara ya Kangundo, mtu huanza kufikiri mambo mengine.

Msomaji mwenye haraka atasema: si basi kila gari liwekewe tu sensa ya kupima hewa yenyewe, tuache kubahatisha? Ni swali zuri, na lina historia. Mfumo wa kwanza wa nozo za kielektroniki kuuzwa kwa wingi ulikuwa D-Jetronic wa kampuni ya Bosch, uliotokea kwenye Volkswagen mwaka 1967. Ile D ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya presha. Ulikuwa mfumo wa kukisia hewa kwa presha. Miaka michache baadaye Bosch hao hao wakaleta L-Jetronic, na L ni ya hewa: sasa hewa inayopita inapimwa mlangoni. Marekani nako, Mustang ya lita 5.0 ilipopata nozo za kielektroniki mwaka 1986 ilitumia spidi densiti. Vijana waliponunua gari hilo na kulibadilishia kemshafti ili liwe na nguvu zaidi, likaanza kukohoa likiwa limesimama. Ilikuwa rahisi kuelewa kwa nini. Injini imebadilika jinsi inavyopumua, lakini jedwali bado linasimulia habari za injini ile ya kwanza. Kufikia modeli za 1989 Ford ilikuwa imehamia kwenye sensa ya mlangoni.

Ukiishia hapo utadhani hadithi hii ni ya kutoka gizani kwenda kwenye nuru: kwanza watu walikisia, kisha wakapima. Lakini tazama sensa yenyewe ya mlangoni. Ile ya kisasa ina waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita, waya hupoa, na umeme zaidi unahitajika kuurudisha kwenye joto lake. Kinachopimwa hasa ni umeme. Hewa bado inakisiwa, ila kwa jedwali jingine lililofichwa ndani zaidi. Tena weka turbo kwenye injini hiyo, halafu bomba moja lililo mbele ya sensa lipasuke kidogo. Hewa iliyokwisha kuhesabiwa inavujia nje kabla ya kufika kwenye silinda, na sensa itakula kiapo kwamba iliingia. Ni kama mlinzi wa geti anayeandika kitabuni wote walioingia, asijue kuna waliotokea dirishani. Ndiyo maana wapo wanaoweka turbo kubwa na kuiondoa sensa hiyo kabisa, wakarudi kwenye presha na jedwali.

Somo ninalolitoa hapa si kwamba kukisia ni kuzuri kuliko kupima. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuikamata hewa mkononi. Sote tunasoma kitu kilicho kando ya kile tunachotaka kukijua. Daktari anasoma kipimajoto, mama anasoma macho ya mtoto, mwajiri anasoma cheti. Anayekwambia "mimi siamui mpaka nione kwa macho yangu" amesahau kwamba macho nayo yana jedwali. Kwa hivyo swali la kimaadili haliwezi kuwa "umekisia au umejua?" Likiwa hivyo, sote tuna hatia na mjadala umekwisha. Swali lenye uzito ni: jedwali lako liliandikwa kwa injini gani, na likikosea, linapata vipi habari?

*

Wateja wengi wa binamu huja na jedwali tayari. Wamelitoa mtandaoni au wamepewa na rafiki. "Gari ni moja na langu, injini ni moja, rangi tu ndiyo tofauti." Binamu hupokea, huliweka, gari huwaka, mteja hufurahi. Kisha humwambia, "Sasa ndiyo kazi inaanza." Nguo ya kuazima haisitiri matako. Injini mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, moja ikatembea Uthiru na nyingine Lodwar, hazipumui sawa baada ya miaka kumi.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye bomba la ekzosi tunafunga sensa ya oksijeni, ile pana, ambayo haisemi tu kwamba petroli ni nyingi au ni kidogo bali inasema kwa kiasi gani. Tunaamua tunataka uwiano gani katika kila sehemu ya jedwali. Tunaendesha. Kompyuta inaandika kila ilichodhani na kila kilichotokea. Tukirudi gereji tunalinganisha. Tuseme kisanduku kilikuwa na 72, tulitaka uwiano wa 13.0, moshi ukasema 14.3. Maana yake hewa iliyoingia ilikuwa nyingi kuliko jedwali lilivyodhani, kwa asilimia 10. Tunazidisha 72 kwa 14.3, tunagawa kwa 13.0, tunapata 79.2. Hiyo ndiyo namba mpya. Kesho tunaendesha tena.

Napenda unyenyekevu uliomo katika hesabu hiyo. Haiulizi aliyeandika 72 alikuwa nani wala ana shahada ngapi. Inauliza tu moshi umesema nini.

Hata hivyo, moshi nao ni shahidi, na shahidi anaweza kusema uongo bila kukusudia. Hapa ndipo niliposhtuka zaidi. Plagi ikishindwa kuwasha silinda moja, petroli na hewa ya silinda hiyo hutoka vikiwa vizima. Sensa haioni petroli; inaona oksijeni. Inaona oksijeni nyingi ambayo haikutumika, na inatoa taarifa: hapa kuna njaa, ongezeni petroli. Ukiitii, unamwagia petroli zaidi silinda ambayo tayari imelowa, plagi inazidi kushindwa, oksijeni inazidi, na taarifa ya njaa inakuwa kubwa zaidi. Kadiri unavyosaidia ndivyo unavyoharibu. Ufa kwenye ekzosi kabla ya sensa hufanya vivyo hivyo, kwa kunyonya hewa ya nje. Kwa hivyo binamu ana desturi: kabla ya kugusa namba hata moja, anabadilisha plagi, anapima nyaya, anatafuta ufa. "Usirekebishe jedwali kwa kosa la plagi," husema. Nimewahi kuwaona wanafunzi waliofeli wakiongezewa masomo ya jioni, ilhali shida yao ilikuwa kwamba hawajala tangu asubuhi. Sensa ilisema kweli kwamba kuna kitu hakikuwaka. Haikusema kwa nini.

Halafu kuna visanduku ambavyo hatufiki kabisa. Injini isiyo na turbo haiwezi kuwa na presha ndani ya manifoldi inayozidi ile ya hewa ya nje. Nairobi, hiyo ni 82. Jedwali lina safu za 90, za 95, za 100. Uendeshe usiku kucha, hutazigusa. Hata ukipanda Limuru ndiyo kwanza unaziacha mbali zaidi. Lakini mteja huyo huyo, Desemba ikifika, atapakia familia na kuteremka kilomita karibu 480 hadi Mombasa. Mahali fulani njiani, hewa inazidi kuwa nzito, na injini inaanza kuingia katika safu ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzitembelea. Watoto wamelala nyuma. Namba zinazoamua sasa ni namba ambazo binamu alizijaza akiwa amekaa Kariobangi, kwa kutazama majirani wa visanduku hivyo na kuvuta mstari.

Hiyo ndiyo sura halisi ya swali langu. Pale ulipopima, unaweza kujitetea kwa vipimo. Pale ambapo huwezi kupima, na bado lazima uandike namba kwa sababu kisanduku hakiruhusiwi kuwa tupu, unaandika nini?

*

Mafundi wana jibu, na ni jibu la kimaadili hata kama hawaliiti hivyo. Ukikosea, kosea upande mzito.

Mchanganyiko mwepesi ni ule wenye hewa nyingi na petroli kidogo. Injini ikibeba mzigo mkubwa katika hali hiyo, joto hupanda, mafuta huanza kujilipukia kabla ya wakati wake, na pistoni inaweza kutoboka mchana kweupe. Mchanganyiko mzito ni kinyume: petroli imezidi. Gari litakula mafuta, litatoa moshi mweusi, plagi zitashika masizi, lakini litakufikisha. Kosa moja halirudishiki, jingine linarudishika. Basi katika zile safu za juu binamu huvuta mstari, halafu huongeza kidogo.

Sheria nayo ina desturi hii. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinamchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Si kwa sababu washtakiwa wengi hawana hatia. Ni kwa sababu kati ya makosa mawili yanayowezekana, nchi imechagua lile iliyo tayari kuishi nalo.

Lakini siku moja nilimbishia. Tulikuwa nyuma ya gari alilolimaliza mwenyewe, linapanda mlima kwa kelele na wingu jeusi, na nyuma ya wingu hilo kulikuwa na bodaboda amebeba mama na mtoto wa shule.

"Huyo umemkosea upande salama," nikamwambia.

"Ni salama, injini haiwezi kufa."

"Salama kwa nani? Mtoto huyo anavuta usalama wa huyo jamaa."

Akanyamaza kidogo. "Sikiza, buda. Pistoni ikitoboka ananirudia mimi. Moshi haunirudii."

Alikuwa amesema ukweli wote kwa sentensi mbili, na sidhani alisikia alivyousema. Kosea upande salama ni kanuni nzuri, lakini kila mara ina swali limejificha ndani yake: salama kwa nani? Tunapenda kukosea kwa upande ambao gharama yake haiturudii. Fundi analindwa na moshi. Mwenye gari analindwa na moshi. Gharama imehamishiwa kwa mapafu ambayo hayakualikwa kwenye mjadala.

Je, ni afadhali basi tuwe wepesi, tutoboe pistoni ili hewa ya barabarani iwe safi? Hapana. Hoja yangu si kwamba upande mzito ni mbaya. Hoja ni kwamba ule ukingo wa usalama ni deni, si zawadi. Unaruhusiwa kuuchukua kwa sababu hujui, na kwa hivyo unaruhusiwa kuukalia kwa muda ule tu ambao kweli huna njia ya kujua. Yule jamaa wa wingu jeusi alitaka gari Jumamosi kwa sababu kulikuwa na sherehe. Saa mbili zaidi za kuendesha na kusoma namba zingepunguza moshi ule nusu. Hazikulipwa, kwa hivyo hazikuendeshwa. Kutojua kwetu hakukuwa fumbo la ulimwengu. Kulikuwa na bei, na tulipelekea ankara mtu mwingine.

*

Sasa niseme nililolikusudia tangu mwanzo, kwa maana sikuja kuuza majedwali ya Subaru.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilianzisha mfumo mpya wa kufadhili masomo ya vyuo vikuu. Mwanafunzi angewekwa kwenye bendi kulingana na uhitaji wake, na bendi ndiyo ingeamua apate ufadhili kiasi gani, mkopo kiasi gani, na familia ichangie kiasi gani. Kama wazo, lina haki ndani yake: asiye nacho asaidiwe zaidi ya aliye nacho. Lakini uhitaji ni kama hewa. Hakuna mizani ya njaa. Basi zikakusanywa habari za kando: hali ya wazazi, ukubwa wa familia, mahali mtu anakotoka, na mengine ya aina hiyo. Habari zikapita kwenye jedwali, jedwali likatoa namba. Kukawa na kilio cha waliosema wametoka kwa familia zisizo na kitu na bado wamewekwa na wenye uwezo. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikauona mfumo huo kuwa wa kibaguzi, na mambo yakaendelea kwenye rufaa.

Mimi sikupitia bendi. Niliacha chuo mwaka wa tatu kabla hazijaja, karo ikiwa ndiyo sababu, na sina kesi na mtu. Naangalia jambo hili kama mtu aliyeshika kompyuta mapajani.

Wako waliosema kosa ni kukisia: ati serikali haina haki kuwapanga watoto wa watu kwa kompyuta. Siwezi kukubali hivyo tu. Kumpa kila mmoja kiasi kile kile si kuacha kukisia. Jedwali lenye namba moja katika visanduku vyote 256 bado ni jedwali, na ni baya, kwa sababu linadhani injini zote hupumua sawa. Wala siwezi kusema kuongeza ni bure. Shilingi aliyopewa asiyeihitaji ni moshi: kuna mtu nyuma anayeivuta, mlipa kodi au mwanafunzi mwingine ambaye mfuko umemwishia. Hata hivyo, kosa la kumpa mwenye uwezo linarudishika, hasa likiwa ni mkopo, maana mkopo hudaiwa. Kosa la kumnyima asiye nacho mara nyingi halirudishiki. Pistoni imetoboka. Kwa hivyo hapa pia ningesema: usipojua, ongeza kidogo, kisha fanya bidii ujue.

Lakini kuna tofauti moja kati ya injini na mtu, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Injini iliyonyimwa hupiga kelele. Hugonga, hukohoa, na kila kukohoa kwake kunaandikwa kwenye rekodi. Mwanafunzi aliyenyimwa haripoti chuoni. Jina lake halisomwi tena. Haketi kwenye mtihani, kwa hivyo hafeli; hafeli, kwa hivyo hayumo kwenye takwimu za waliofeli. Mwisho wa mwaka mwenye jedwali anafungua rekodi na anaona nini? Anaona waliobaki. Waliobaki ni wale ambao namba zao ziliwatosha, au walau ziliwasogeza. Jedwali linajiangalia kwenye kioo na kujipongeza.

Simu yangu ina programu moja ya mikopo, sitaitaja, ambayo kwa miaka miwili imeamua kwamba mtu kama mimi anafaa shilingi 500. Mapato yangu huja kwa mkupuo kisha kimya, na jedwali lake, nadhani, liliandikwa kwa watu ambao pesa huwaingilia mwisho wa mwezi. Wanaonijua wanajua hulipa madeni. Programu haitajua kamwe kama ningelipa 5,000, kwa sababu njia pekee ya kujua ni kunipa 5,000. Mimi ni safu ya kilopaskali 100 katika gari lisilotoka Nairobi. Shilingi 500 hainiui, lakini yuko mama mboga mahali fulani ambaye tofauti kati ya 500 na 5,000 ni kufungua kibanda Jumatatu au kutofungua, na asipofungua hakuna sensa itakayoandika kwamba kibanda kilifungwa.

Kosa hili ni baya kuliko kukosea kwenyewe. Kukosea ni kwa kila mwenye jedwali. Lakini kujenga jedwali ambalo makosa yake hufuta ushahidi wake, kisha kuliita jedwali hilo sahihi kwa sababu hakuna anayelalamika ndani ya chumba, huko ni kuziba ekzosi na kusifu ukimya.

*

Anayeamua juu ya asichokiona anadaiwa nini, basi? Hadaiwi kutokosea. Anadaiwa sensa kwenye ekzosi. Kwa injini, sensa ni kidude cha chuma cha ukubwa wa plagi. Kwa watu ni kazi ngumu zaidi: ni mtu anayekwenda kuwatafuta ambao hawakuripoti, nyumba kwa nyumba, akauliza kwa nini. Ni mlango wa rufaa unaobadilisha namba kweli badala ya kupokea barua tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mtambo peke yake katika mambo mazito, ingawa ina hali zake za kando. Ni mwanzo. Lakini haki ya kuongea na binadamu haina maana ikiwa binadamu mwenyewe anasoma jedwali lile lile kwa sauti.

Anadaiwa pia saa zake. Nimeona kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita kutojua ni uvivu au bajeti. Na pale ambapo kweli haiwezekani kujua, anadaiwa kulisema hilo wazi kwa yule atakayebeba kosa.

Tangu tulipobishana, binamu ameanza desturi mpya, na sikumwomba. Akimaliza gari lisilo na turbo, anampa mwenyewe karatasi pamoja na ufunguo. Imeandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wake mbaya, kwamba jedwali limepimwa mpaka presha ya 82 na kwamba safu za juu ya hapo ni makadirio. Ukiteremka Pwani, usikanyage mpaka chini kwa muda mrefu, washa kurekodi, ukirudi, niletee rekodi nirekebishe bila malipo. Wateja wengine hucheka na kuikunja mfukoni. Wawili wamerudi na rekodi. Katika gari moja namba zake zilikuwa karibu sana na ukweli, katika jingine alikuwa ameongeza petroli kupita kiasi, na akapunguza.

Karatasi hiyo hailifanyi jedwali kuwa kweli. Inasema tu mahali ambapo kujua kunaishia, na inaacha njia ya kurudi. Ningependa kuiona ikitolewa na kila ofisi inayotuwekea namba.